Nani Anajibu kwa Maneno ya Maski?

Kila mara tunapofundisha vijana kutengeneza maski za mchezo na kucheza nazo, kuna swali moja linarudi, na si swali la gundi wala la rangi. Ni hili: mtu akifunika uso wake, anabaki kuwa yeye? Na kama siye, maneno anayosema akiwa amefunikwa yaandikwe ku jina la nani?

Wengine watasema hayo ni mawazo ya watu walioshiba. Lakini swali lilitufikia bila kuitwa. Katika mchezo mmoja uliochezwa Kadutu, kijana aliyevaa maski ya mzee mlevi alishuka katikati ya watazamaji, akamfuata mama mjane aliyekaa kwenye kiti cha mbele, akaanza kuigiza namna anavyotembea, kwani mguu wake mmoja ni mgonjwa. Kisha akataja deni lake mbele ya wote. Watu walicheka mingi. Yule mama alisimama, akafunga kitenge chake vizuri, akajiendea. Wazee wa kartie walipomwita kijana, alijibu bila kutetemeka: "Wazee, si miye. Maski njo ilisema."

Kuna waliokubali jibu lile, kwani lilikuwa na harufu ya desturi. Tangu utoto tumesikia kwamba aliyevaa maski si mtu tena, ni mhenga amerudi, na kumwita kwa jina lake ni kosa. Basi kijana alijificha nyuma ya wazee wetu kama vile mtu anavyojificha nyuma ya ukuta. Sisi tunaona kwamba wazee hawakuujenga ukuta huo. Tuangalie kazi zao wenyewe.

Tuanzie mbali kidogo, kusini, kwa Wachokwe wa upande wa Dilolo. Wana maski ya mwanamke inayoitwa pwo, yenye uso mzuri, macho yaliyofumbwa nusu, na chale za urembo. Anayeicheza ni mwanamume. Kwa desturi, mchezaji akija kuichukua kwa mchongaji, anampa pete ya shaba, na pete ile ni mfano wa mahari, doti kama tunavyosema mjini. Yaani anaoa. Na akifa, mara nyingi maski inazikwa pamoja naye. Sasa mtu aliyelipa doti anaweza kusema kesho kwamba yule haimhusu? Doti njo mwanzo wa kujibu. Kukiwa na maneno, majirani wanajua ni mlango gani wa kubisha.

Kwa Wapende wa Kwilu, upande wa Gungu, tunakuta jambo lingine ambalo watu wengi wa mijini hawalijui. Tunadhani maski inaanzia kwa mchongaji, kisha mtu anaivaa na kucheza. Mtafiti Z. S. Strother, katika kitabu chake Inventing Masks cha mwaka 1998, ameonyesha kwamba kwa Wapende mara nyingi ni kinyume. Kijana mchezaji anatafuta kwanza mwendo mpya wa miguu. Anatafuta na wapiga ngoma mdundo wa kuufuata, anatafuta wimbo, nguo, jina. Uso wa mti unakuja nyuma, na mchongaji anaombwa atafute uso unaofaa ile miguu. Strother aliweza hata kupata majina ya baadhi ya wachezaji waliobuni maski fulani fulani. Kwa hiyo maski ile tunayoiita "ya zamani za zamani" ilikuwa na mtu, na mtu huyo alijulikana. Aliipeleka mbele ya kijiji chake, kijiji kikaikubali ao kikaikataa. Tena kuna maski zilizokubaliwa siku chache tu, zikasahaulika. Hilo nalo ni jibu la watu.

Wapende haohao wana maski inayoitwa Mbangu. Uso wake nusu ni mweusi, nusu ni mweupe, mdomo na pua vimepindika. Anayeicheza anakuwa na nundu mgongoni, anaegemea fimbo. Ni mtu aliyepigwa na ugonjwa, aliyerogwa, wanasema. Angalieni sasa. Mbangu na yule mlevi wa Kadutu wanafanya kitu kilekile: wanaigiza mwili ulioumia mbele ya watu. Lakini mchezaji wa Mbangu anabeba ugonjwa juu ya mgongo wake mwenyewe. Hamwonyeshi mgonjwa aliyekaa kwenye kiti cha mbele. Anajionyesha yeye, na anayemtazama anajiuliza kama kesho hayatamfikia. Kijana wetu alivaa uso wa mlevi, lakini mzigo aliutwika mtu mwingine. Hapa njo tunaona tofauti yote, na haimo katika mti wala katika rangi.

Turudi karibu na nyumbani. Mwenga, Shabunda, Pangi, huko Walega wana Bwami. (Tusichanganye na Mwami wa Bushi: kwa Walega mwami ni kila mtu aliyeingia katika madaraja ya chama hicho.) Maski yao tunayoifahamu zaidi ni lukwakongo, ndogo kama kiganja, imepakwa udongo mweupe, na ina ndevu za nyuzi. Mgeni anayeiona katika museo anauliza itamtoshaje mtu usoni. Haikutengenezwa kwa ajili ya uso tu. Mwenyewe anaishika mkononi, anaifunga ku mkono, anaiweka juu ya paji, anaikokota chini kwa kushika ndevu zake, ao zinatundikwa pamoja kwenye uzio. Kila namna ya kuishika inafuatana na mithali na wimbo, na mtu anayepandishwa daraja anafundishwa maana yake. Lengo la mafundisho ni busoga, neno ambalo kwa Kilega linashika wema na uzuri pamoja, bila kuvitenganisha.

Basi, kama maski iko kwenye mkono, uso wa mtu uko wapi? Uko wazi, pale pale juu. Unaona vyote viwili kwa mara moja: uso mdogo mweupe unaofundisha, na uso wa mzee anayeushika. Hawezi kusema "si miye". Na utawala wa kikoloni ulipopiga Bwami marufuku mwaka 1948, vitu vingi vya namna hiyo viliendelea kwenda Ulaya vikiwa vimetengana na mithali zao. Leo viko ndani ya vioo, vizuri kabisa, na havina mtu wa kuwajibikia.

Lakini tusidanganye. Kuna maski ambazo mvaaji wake anafichwa kweli. Kwa Wasongye, kifwebe anafunika mwili mzima, sauti inageuzwa, na jina la aliye ndani halitajwi. Kijana wetu angekuwa na akili, angetujibu kwa kifwebe, si kwa maneno matupu. Tungemjibu hivi: jina lilifichwa kwa watazamaji, halikufichwa kwa waliomtuma. Nyuma ya kifwebe kulikuwa chama, bwadi bwa kifwebe, chenye wakubwa wake, masomo yake na adhabu zake. Jibu halikupotea, lilihamishwa kutoka kwa mtu mmoja likawa la wengi. Je, hiyo inatosha? Hapana. Kifwebe ilitia watu woga, na woga ulitumika kwa mema na kwa mabaya pia, hatuwezi kupaka sukari. Na sisi wa mashariki, tangu mwaka 1996, tumeona nyuso zilizofunikwa usiku, na waliozituma hawakusimama mbele ya mtu yeyote kujibu. Hatuhitaji kitabu kutufundisha uso uliofichwa unaweza kufikia wapi.

Hapo mtu atatuuliza: basi mnataka maski isiyomgusa mtu? Maski ya adabu, ya kucheza mbele ya wageni wa serikali na kupigiwa makofi? La. Maski isiyoweza kumcheka mkubwa ni heri ipikiwe maharagwe. Toka zamani ilikuwa njia ya kumwambia chifu neno ambalo mdomo mtupu haukuthubutu. Lakini kujificha mbele ya mwenye nguvu na kujificha mbele ya mnyonge si kitu kimoja. Anayemsema mkubwa anajificha kwa sababu jibu la mkubwa linaweza kuwa fimbo. Lakini wale anaowasemea wanamjua, na maneno yao njo anayabeba. Anayemsema mjane anajificha na nini? Mjane hana fimbo. Anajificha na aibu yake mwenyewe tu.

Tena si lazima maski iwe ya mti. Mwaka 1986, Lubumbashi, kundi la Mufwankolo lilitengeneza kwa Kiswahili mchezo juu ya chifu, kijiji chake na utamu wa utawala, ambao Johannes Fabian aliuandikia kitabu mwaka 1990. Wachezaji walionekana uso wazi, kila mtu mjini aliwafahamu kwa majina. Kijiji cha ndani ya mchezo kilitosha kuwa maski, na mtazamaji alikuwa huru kuona zaidi ya kijiji. Tunawataja sababu vijana mara nyingi wanafikiri uhuru unakuja na kamba ya nyuma ya kichwa.

Sasa, kufundisha. Sehemu ya kazi ya mikono haina siri kubwa. Unafinyanga uso kwa udongo, unaupaka mafuta, unabandika vipande vya gazeti kwa gundi ya unga wa muhogo, tabaka juu ya tabaka, unaacha jua lifanye kazi yake. Unatoa udongo, unatoboa macho, madogo kuliko unavyofikiri, unafunga utepe uliokatwa katika mpira wa ndani wa baiskeli. Anayejua kushika tezo anachonga mti, lakini karatasi ni nyepesi na haiumizi pua. Shida inaanza ikishakauka.

Walimu wa teatre wengi waliopita kwetu wanatumia masomo ya Jacques Lecoq, Mfaransa aliyefungua shule yake Paris mwaka 1956. Aliwaanzisha wanafunzi na maski isiyo na furaha wala huzuni, ya ngozi, kazi ya mchongaji wa Italia Amleto Sartori. Mwanafunzi akiivaa, uongo wote wa mwili wake unaonekana, kwa sababu uso haumsaidii tena. Kuna sheria ndogo ndogo: usiiguse kwa mkono ukiwa unacheza, uivae ukiwa umewageuzia watu mgongo, usiitupe chini. Sheria nzuri, nasi tunazifuata. Lakini zinamfundisha mtu adabu mbele ya maski, hazimfundishi adabu mbele ya yule aliyekaa kwenye kiti cha mbele. Kwa wazee mambo hayo mawili yalifundishwa pamoja, na mtu hakupewa moja kabla ya lingine.

Njo maana tumebadili mpango wa masomo. Zamani tulianza na udongo. Sasa kijana anaanza na mtu anayetaka kumcheza: atuambie ni nani, anatembea namna gani, anaogopa nini, na anadaiwa nini na watu. Halafu miguu, kama Wapende. Uso unatengenezwa mwisho, tena na mtu mwingine, na mchezaji anampa kitu kidogo, sabuni ao franga chache, mbele ya wenzake. Vijana wanacheka siku hiyo, wanasema ni doti. Ni doti kweli. Akishapokea, jina lake linaandikwa ndani ya maski, upande unaogusa ngozi.

Juu ya kuiga maski za wazee, tuna msimamo mgumu, na si wote katika ushirika wanaukubali. Hatufundishi kutengeneza kifwebe wala lukwakongo kwa ajili ya mchezo. Si kwa sababu zina shetani, kama wahubiri fulani wanavyosema. Ni kwa sababu zina watu, na hatukutumwa na watu hao. Kijana anayechukua uso bila mithali yake anafanya kilekile kilichofanywa na wale waliovipeleka Ulaya, ila yeye hana meli. Abuni wake.

Na kijana wa Kadutu? Wazee hawakumkataza kucheza. Walimtuma aende kwa yule mama, mchana, uso wazi, na maski mkononi. Alikwenda mara tatu ndipo akafunguliwa. Waliyozungumza hatukuuliza.

Limebaki jambo la wasichana. Desturi nyingi hazikuwaruhusu kuvaa maski, hata ile ya uso wa mwanamke, ingawa katika Bwami wake wa wakubwa walikuwa na madaraja yao. Kwa maski za mchezo hatuoni sababu ya kuwakataza, kwani hakuna chama kinachoibiwa siri. Watatu kati yao wanatengeneza sasa mama muuza sambaza, watakayemcheza wao wenyewe. Miguu wamekwisha kuipata, na namna ya kubeba beseni. Bado wanagombana juu ya mdomo. Mmoja anataka acheke, mwingine anasema mama yake hajawahi kucheka akiwa sokoni, na wa tatu ameondoka asubuhi kwenda kuwauliza wenyewe.