Weka Tambara Kwapani

Somo: Yeremia 38:6-13

Najua wengi wenu hamkufika ibadani Jumapili kwa sababu ya mvua, na waliofika walifika na matope mpaka magotini. Kwa hivyo huu ndio ujumbe, karibu vile nilivyouhubiri, ila hapa siwezi kukwambia umgeukie jirani yako. Tafadhali fungua Biblia yako usome mistari hiyo kwanza, halafu urudi hapa.

Umesoma? Haya, twende.

Nilipomaliza digrii yangu ya biashara, kazi ilikataa kuja. Mimi na binamu yangu tukachukua mkopo, tukanunua trekta kuukuu la kulimia watu mashamba huko Trans Nzoia. Mimi ndiye nilikuwa meneja. Nilikuwa na daftari, kalamu na kikokotoo, na nilijua hesabu ya kila ekari. Kuendesha sikujua. Tuliajiri dereva, kijana mpole sana, ambaye mke wake alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza wiki chache tu kabla.

Ilikuwa mwezi wa nne, mvua imeshaanza. Tulikuwa tunalimia mzee mmoja, na yule mzee alituambia mapema, "Ile sehemu ya chini karibu na mto iacheni. Itangoja ikauke." Mimi nikafungua daftari. Ile sehemu ilikuwa ekari mbili, na malipo ya mkopo yalikuwa Ijumaa. Mzee alipoenda kunywa chai, nikamwambia dereva ateremke huko.

Akasema, "Bosi, huku chini hapashiki."

Nikamjibu, "Wewe endesha. Hesabu niachie mimi."

Hata hatukumaliza mstari mmoja. Magurudumu ya nyuma yakaanza kuzunguka pahali pamoja. Mimi nikapiga kelele, "Kanyaga mafuta! Kanyaga!" Kijana akakanyaga. Kila alipokanyaga, magurudumu yalichimba zaidi, mpaka tope likafika kwenye ekseli na tumbo la trekta likakalia udongo. Ule udongo mweusi unaujua. Ukilowa unashika kama gundi.

Hapo nikakumbuka kitu nilichowahi kuona watu wakifanya. Unachukua gogo, unalifunga kwa mnyororo kwenye magurudumu ya nyuma, ili yakizunguka yapande juu ya gogo na trekta litoke. Nikatafuta gogo, nikafunga. Kijana akaniangalia bila kusema neno. Alijua ni hatari, lakini pia alijua ana mtoto nyumbani na mimi ndiye ninayemlipa. Akapanda, akaweka gia ya kwanza, akaachilia klachi.

Magurudumu hayakuzunguka. Pua ya trekta ndiyo iliinuka. Iliinuka haraka kuliko vile ninavyosimulia, mpaka nikaona magurudumu ya mbele yako hewani juu ya kichwa changu. Mungu ni mwema, kijana aliwahi kukanyaga klachi. Pua ikaanguka chini kwa kishindo, tope likaturukia sote.

Sasa wapendwa, sikilizeni neno la kwanza lililotoka kinywani mwangu. Niliuliza, "Imeharibika?"

Sikuuliza, "Umeumia?" Niliuliza habari ya trekta.

Nimehubiri Neno miaka kadhaa sasa, na hilo swali bado linanifuata.

Yule mzee alifika akikimbia na fimbo yake. Alikuwa ameendesha matrekta ya mashamba makubwa tangu ujana wake. Alisema neno moja tu, "Zima." Injini ilipozimwa, akatufundisha. Akasema magurudumu ya nyuma yakishikwa yasiweze kuzunguka, nguvu ya injini haipotei. Inatafuta kwingine pa kwenda. Kwa kuwa haiwezi kuzungusha gurudumu, inainua trekta lenyewe, linapinduka kinyumenyume na kumlalia dereva. Na huwezi kusema utaruka, kwa sababu haichukui hata sekunde mbili. Lile trekta letu lilikuwa la zamani, halina ile fremu ya chuma ya kumkinga dereva. Yaani ningempelekea yule mama na kachanga wake maiti, kwa ajili ya ekari mbili.

Mzee akasema, "Leo halitoki. Nendeni mkalale."

Asubuhi akaja na majirani, majembe na sepetu. Kwanza tukafungua plau, trekta libaki peke yake bila mzigo. Halafu tukachimba. Tukatoa tope nyuma ya magurudumu, tukatoa lile lililoshika tumbo la trekta, tukachimba mtaro maji yateremke mtoni. Tukajaza matawi na mawe kwenye njia ya magurudumu. Na mzee hakutaka litoke kwa kwenda mbele. Alisema, "Lirudi lilikotoka. Nyuma ndiko kuna ardhi ngumu. Mbele hakuna anayejua."

Jirani akaleta trekta lake, likasimama pale juu penye ukavu. Mzee akakagua mnyororo pete moja moja. Akahakikisha umefungwa chini kabisa, kwenye chuma cha kuvutia, kwa sababu ukifungwa juu ya ekseli hata trekta linalovuta linaweza kupinduka. Akaweka magunia mazito juu ya mnyororo, ili ukikatika usiruke na kuua mtu. Sisi wengine akatufukuza tusimame mbali, zaidi ya urefu wa mnyororo mara mbili. Ndipo lile trekta la jirani likasogea polepole sana, mnyororo ukanyooka, na letu likarudi nyuma, likatoka. Kuchimba kulichukua karibu saa nne. Kuvuta hakukufika dakika tano.

Sasa twende kwa Yeremia. Nabii wa Mungu ametupwa kisimani. Biblia inasema kisima hakikuwa na maji, kilikuwa na tope, na Yeremia akazama katika lile tope. Yerusalemu imezingirwa na Wababeli, chakula kinakwisha mjini. Mtu mmoja, Ebedmeleki Mkushi, mtumishi wa nyumba ya mfalme na mgeni katika nchi ile, anaenda kwa mfalme Sedekia kumsemea. Mfalme anampa watu thelathini. Hebu fikiria, mji una njaa, una vita, na watu thelathini wanatolewa kwa ajili ya mtu mmoja aliye ndani ya shimo. Mimi wa digrii ya biashara ningesema hiyo ni hasara. Mungu hakuona hasara.

Lakini kinachonishika mimi ni kile alichofanya kabla ya kuteremsha kamba. Aliingia chini ya hazina ya mfalme, akatafuta matambara na nguo zilizochakaa. Akamteremshia Yeremia, akamwambia aziweke kwapani, chini ya kamba. Kwa nini? Kwa sababu tope linavuta kwenda chini na watu thelathini wanavuta kwenda juu, na katikati kuna ngozi ya mtu aliyekonda kwa njaa. Kamba tupu ingemtoa, ndiyo, lakini ingemchana.

Ebedmeleki alitaka Yeremia atoke. Pia alitaka atoke mzima.

Nataka niseme na watu wa aina mbili.

Wa kwanza ni wewe uliyekwama. Najua mko, kwa sababu mnakuja ofisini. Umekopa kwa simu, siku ya kulipa imefika huna, umekopa kwingine ulipe kule, na sasa una mikopo minne na mkeo hajui hata mmoja. Mpendwa, hayo ni magurudumu yanazunguka. Unasikia kelele ya injini unadhani unaenda, kumbe unachimba. Zima. Usikope tena kulipa deni. Fungua plau, maana yake ule mzigo unaoweza kuwekwa kando uuweke kando, hata kama ni sherehe uliyoahidi, hata kama watu watasema. Chukua karatasi uandike kila deni, la nani, kiasi gani, lini. Mwambie mume wako au mke wako leo. Nenda kwa anayekudai kabla ya siku kufika, muongee. Na usiogope kurudi nyuma. Ukihama nyumba ya kodi kubwa ukaingia ya kodi ndogo, hujashindwa. Umerudi kwenye ardhi ngumu.

Na kuhusu maombi, nisieleweke vibaya. Mimi ni mpentekoste, naamini miujiza, na pale kwenye tope niliomba kwa sauti mpaka sauti ikakauka. Lakini niliomba huku nimeweka gogo. Nilikuwa namwambia Mungu abariki ujinga wangu. Yeye akajibu kwa kumtuma mzee aseme, "Zima." Roho Mtakatifu haoni haya ukiomba huku umeshika jembe.

Wa pili ni sisi tunaovuta, na hapa naanza na mimi mwenyewe. Katika kanisa nililohudumu kabla ya kuja hapa, kulikuwa na ndugu aliyekwama katika deni, akagusa pesa zisizo zake. Tulimwita. Tulikaa watu saba kwa meza, yeye peke yake upande wa pili. Tulimsomea maandiko, na maandiko yalikuwa ya kweli. Mimi ndiye nilipiga hesabu ya pesa zote, senti kwa senti, nikaisoma kwa sauti. Nayo hesabu ilikuwa ya kweli. Kamba ilikuwa nzuri wapendwa, ilikuwa imara. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza amelala wapi, wala kama watoto wamekula. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema asante, akatoka. Hakurudi. Pesa zilirudi, nduguye alilipa. Yeye hakurudi.

Nilipofika nyumbani usiku ule, nilisikia tena lile swali langu la shambani: "Imeharibika?" Miaka ilikuwa imepita, nimekuwa mchungaji, na bado nilikuwa nauliza habari ya trekta kabla ya habari ya mtu.

Simaanishi dhambi isikemewe. Ebedmeleki hakuacha kamba nyumbani akaenda na matambara peke yake, Yeremia angefia mle. Kamba lazima. Pesa za watu lazima zirudi, ukweli lazima usemwe. Lakini tambara litangulie. Na matambara si vitu vya gharama. Yalikuwa nguo zilizotupwa, zimelala chini ya hazina, hakuna aliyezihitaji. Sufuria ya uji, nauli ya matatu, kusindikizwa mpaka kwa anayekudai ili usiende peke yako, kumsikiliza mtu mlango ukiwa umefungwa na neno lisitoke nje, hayo ndiyo matambara. Kila mmoja wetu anayo nyumbani.

Tena Mungu aliona. Soma Yeremia 39 mwishoni. Mji ulipoanguka, Mungu alikuwa ameshamtumia Ebedmeleki neno kwamba ataokoka na hataanguka kwa upanga, kwa kuwa alimtumaini Bwana. Mtu aliyekumbuka matambara naye alikumbukwa.

Mtaniuliza habari ya yule dereva. Siku tatu baadaye nilienda kwake. Mkewe alifungua mlango akiwa amebeba mtoto, akanikaribisha chai bila kujua nimekuja kusema nini. Nilimwambia mumewe mbele yake, "Nilitaka kukuua kwa sababu ya pesa. Nisamehe." Alinyamaza kwa muda, halafu akasema, "Bosi, yameisha. Lakini siku nyingine nikisema hapashiki, unisikie." Trekta tuliliuza mwaka uliofuata tukamaliza mkopo. Yeye na mimi bado tunapigiana simu kila mvua za mwezi wa nne zikianza.

Wiki hii, katika ushirika wenu wa nyumbani, naomba mfanye mambo mawili. Aliyekwama amwambie mtu mmoja anayemwamini, mmoja tu. Na aliye salama amfikirie mtu aliyewahi kuvutwa kwa kamba tupu, pengine na kanisa, pengine na wewe mwenyewe, na ampelekee tambara. Usianze na hesabu. Anza na, "Umeumia?"

Tuombe. Baba, katika jina la Yesu, wewe ulitutoa katika shimo la uharibifu, ukatuweka juu ya mwamba. Hukutuchana ulipotuvuta. Mkumbuke aliye ndani ya tope usiku wa leo, mpe ujasiri wa kuzima injini na kuita msaada. Nasi utupe mioyo ya Ebedmeleki. Utusamehe kwa wote tuliowavuta vibaya. Amina.

Mungu awabariki. Na mkija Jumapili, barabara ya chini bado ni mbaya, pitieni ya juu.