Haramu ni Moja, Kinyaa ni Kingine

Hakuna taifa duniani lisilodhani kwamba chungu chake ndicho kipimo cha vyungu vyote. Mtu hulelewa katika ladha chache, na kwa kuwa ladha hizo zimemkuta angali hana akili ya kuhoji, humkaa moyoni akadhani ndizo maumbile yake. Akikutana ukubwani na mlo wa watu wengine, mkono husita, koo hukataa, na aghalabu kinywa hutamka upesi neno zito kuliko yote, kwamba chakula kile ni haramu, ilhali dini yake haikukitaja kwa ubaya. Nataka kuuliza: je, karaha ya moyo wa mwanadamu ni hoja mbele ya Mwenyezi Mungu? Na anayeikataa sahani ya mwenziwe kwa karaha hiyo, ameilinda imani yake au ameyalinda mazoea yake?

Swali hili si la wasafiri wa mbali peke yao. Hapa Chekereni, katika tambarare iliyo chini ya mji wa Moshi, ambapo maji ya mito ya Rau na Njoro hugawiwa kwa mifereji katika mashamba ya mpunga ya mradi uliokamilika mwaka 1987 kwa ushirikiano na Japani, na ambapo kituo cha mafunzo ya kilimo kilichoanza mwaka 1994 hupokea wageni wa mikoa mingi, watu wa asili mbalimbali hulima bega kwa bega na kualikana. Mchaga aliyeteremka kutoka mlimani huja na mtori, na siku ya kuchinja mbuzi huja na kisusio, supu iliyotiwa damu ya mnyama. Mpare huja na makande. Mtu wa Bukoba huungojea mwezi wa Novemba kwa hamu ya senene. Na mtu wa Masasi au Newala huenda akastaajabu kuona panya wa mashambani wakiuawa kisha wakatupwa, hali kwao panya ni kitoweo. Hakuna katika hawa asiye na chakula kinachoweza kumtia mwenziwe kichefuchefu.

Tukichunguza kwa insafu, tutaona kwamba kinyaa hakina mizani moja. Mmasai wa jadi hakula samaki, wala hakuona kuwa amekosa kitu, lakini alikunywa damu ya ng'ombe aliye hai pamoja na maziwa. Mvuvi wa Pemba atamkimbia mnywa damu huyo, kisha ataketi kumla pweza kwa furaha, kiumbe ambacho mtu wa bara akikiona mara ya kwanza hawezi kukitazama mara mbili. Mjapani hula samaki mbichi, Mfaransa hula konokono, na mgeni wa Ulaya anayewaogopa senene hulipa fedha nyingi kwa ajili ya kamba wa baharini, ambaye kwa gamba lake na miguu yake mingi ni jamaa wa wadudu. Buganda ya kale iliwanyima wanawake kuku na mayai, nao wakalelewa katika mwiko huo. Leo wajukuu wao wanakula, na hakuna laana iliyowashukia. Lau karaha ingekuwa sauti ya Muumba, isingebadilika kwa kuvuka mto, wala kwa kupita vizazi viwili vitatu.

Katika Uislamu jambo hili limepambanuliwa kwa kisa ambacho Bukhari na Muslim wote wawili wamekipokea. Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, aliandaliwa nyumbani kwa mkewe Maimuna nyama ya kuoka ya dhabbu, mjusi mkubwa wa jangwani, na Khalid bin Walid, ambaye Maimuna alikuwa mama yake mdogo, alikuwapo. Mtume alipoarifiwa ni nyama gani, aliuondoa mkono wake. Khalid akauliza kama ni haramu. Akajibiwa kwamba sivyo, ila mnyama yule hakuwa wa nchi ya watu wake, na nafsi yake haikumpenda. Khalid akaivuta nyama ile akala, Mtume akimtazama. Na tuizingatie adabu iliyomo humo: yeye ambaye neno lake ni sheria kwa wafuasi wake hakuigeuza karaha yake kuwa hukumu, hakula, wala hakumzuia mlaji, wala hakukifedhehi chakula.

Wakristo nao wana funzo lao katika Matendo ya Mitume. Petro, akiwa Yafa katika nyumba ya Simoni mtengenezaji ngozi, aliona katika maono shuka kubwa ikiteremka na wanyama wa kila namna, akaamriwa achinje ale, naye akakataa, kwa kuwa hajapata kula kilicho najisi. Na punde wajumbe wa Kornelio, akida wa Kirumi, walipobisha hodi, akafahamu kwamba funzo lile halikuwa la sahani tu bali la watu, asimwite mwanadamu yeyote najisi. Tena amdharauye mla senene kwa kisingizio cha Maandiko amesahau kwamba Torati yenyewe iliruhusu aina kadhaa za nzige, na kwamba Yohana Mbatizaji alikula nzige na asali ya mwitu.

Walakini haramu ipo, na kisusio ni mfano ulio wazi. Kijana Mwislamu aliyezaliwa Machame, aliyekinusa kisusio tangu utotoni katika nyumba za jirani, huenda moyo wake haumkatazi hata kidogo. Harufu humvutia, naye hukiacha, kwa kuwa Kurani imeharimisha damu inayomwagika. Miongoni mwa Wakristo yuko anayekinywa kwa dhamiri tulivu, na yuko anayekiacha kwa sababu mitume, katika mkutano wa Yerusalemu, waliwaandikia waumini wajiepushe na damu. Waachao hao huenda wanajinyima wanachokitamani kwa ajili ya Mungu. Na yule aonjaye senene kwa mara ya kwanza kwa ajili ya jirani hupokea asichokitamani. Basi haramu yaweza kuwa tamu, na halali yaweza kuchukiza, wala moja haiwezi kuwa dalili ya nyingine.

Atasema msomaji mwenye fikira: je, Mungu hakutuwekea karaha ili itukinge na uozo na sumu? Ni kweli. Tena wanavyuoni wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi katika pwani yetu, walipotafuta maana ya vitu vichafu vilivyokatazwa, waliitazama pia tabia ya Waarabu, wanachokiona kizuri na wanachokichukia. Hoja hii ni nzito, nami siidharau. Lakini madhehebu hayo hayo hayakumharimisha dhabbu. Na wanavyuoni hao walipima kwa elimu na kwa hofu ya kumzulia Mungu uongo, si kwa tumbo la kila mgeni karamuni. Karaha ni bawabu mwema wa mlango, lakini si kadhi.

Kwa upande wa pili, sisifu ujasiri wa tumbo. Wako wanaokula mambo ya ajabu ili wahesabiwe mashujaa, hata wakamtafuta mnyama adimu anayelindwa na sheria, kama kakakuona. Hao hawakumkaribia mtu yeyote kwa kula kwao, na fahari yao ni israfu. Kuonja chakula cha ugenini kuna thamani pale tu panapomheshimu aliyekipika.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiandaliwa usichokizoea, jiulize kwanza kama dini yako imekikataza. Ikiwa imekikataza, omba radhi kwa maneno laini, na mwenyeji muungwana hataudhika. Ikiwa haikukikataza, onja kidogo. Nafsi ikikushinda, kiache bila kukunja uso. Lakini usimwambie mtu kwamba Mungu amekiharimisha chakula ambacho ni wewe tu hukukipenda.