Jua Lingali Likiwaka

Katika nchi ya Uswisi, huko Ulaya, kati ya milima mirefu iitwayo Alpi, liko bonde jina lake Lötschental. Mto Lonza hupita katikati yake. Tangu zamani wako wafugaji katika bonde hilo, na wengi wa watu wake ni Wakatoliki.

Wakati wa baridi theluji, nyeupe kama ile ya kilele cha Ruwenzori, hufunika malisho yote. Ng'ombe hukaa zizini, wala hawapati jani bichi hata moja. Kwa hiyo, majira ya joto yakifika, hakuna akaaye bure. Ng'ombe hupandishwa malishoni juu mlimani, na mwezi wa Septemba hushushwa. Huko juu wachungaji hukaa katika vibanda, hukama maziwa na kutengeneza jibini. Chini bondeni watu hukata majani, huyaanika, huyageuza, huyaweka ghalani kabla mvua haijanyesha. Aliye mvivu wakati wa jua, ng'ombe wake watalia njaa wakati wa theluji.

Tena wafugaji wa Alpi hawakutegemea mikono yao peke yake. Katika sehemu kadha wa kadha za Uswisi iko desturi ya kale: jua likichwa, mchungaji husimama mahali pa juu, na kwa sauti kuu, akitumia chombo cha mti mfano wa baragumu, humwomba Mungu, Bikira Maria na Watakatifu wawalinde watu na wanyama usiku ule.

Lakini hata mlima si kao la milele. Mwezi wa Mei 2025, mawe mengi yaliiangukia barafu kubwa iliyokuwa juu ya kijiji cha Blatten, katika bonde lilo hilo. Waliouchunguza mlima wakaona hatari, wakaonya. Tarehe 19 Mei wenyeji, wapata 300, wakatoka, wakaziacha nyumba zao na kanisa lao. Tarehe 28 Mei barafu na mawe vikaporomoka, vikakifunika karibu kijiji kizima. Mtu mmoja, aliyekuwa nje ya sehemu iliyohamwa, alikufa, Mungu amrehemu. Wenyeji waliohama wakapona. Mtu asiseme ya kwamba walipatwa na adhabu. Afadhali ajiulize: Mimi nikionywa, nitatoka?

Mkatekumeni ayaweke haya moyoni. Wakati wa mafundisho ndio majira yake ya joto. Anayejifunza Katekisimu, anayesali asubuhi na jioni, anayepatana na adui yake, huyo anaweka akiba ghalani. Anayesema, "Nitaanza mwaka ujao," ni nani aliyemwahidia mwaka huo?

Tena Kanisa likimwonya aache hirizi, ulevi na chuki, asijibu ya kwamba amekwisha kuzizoea. Watu wa Blatten waliacha nyumba walizozipenda, nyumba zisizo na dhambi yoyote, ili waokoe uhai wa mwili. Je, yeye atashindwa kuacha ubaya, apate uzima wa roho? Jua lingali likiwaka. Akate majani yake leo.