Mafuta Hayaazimwi Mlangoni

Maandiko: Mathayo 25:1-13, 1 Samweli 17:34-40, Danieli 3:16-18



Jumanne iliyopita, baada ya maombi ya jioni, kijana mmoja wa hapa kwetu alinisubiri mlangoni. Amenikubalia niseme haya bila kumtaja jina. Akaniambia, "Pastor, naomba uniombee. Alhamisi ya wiki ijayo nafanya mtihani wa udereva, na nataka nipite mara ya kwanza." Nikafurahi. Nikamuuliza, "Umeendesha barabarani mara ngapi?" Akaangalia viatu vyake. Kumbe masomo aliyolipia amehudhuria nusu tu, na kwa raundabauti hajawahi kuingia akiwa yeye ndiye ameshika usukani. Lakini hilo halikumsumbua. Huko anakosomea ameambiwa kuna pesa kidogo ya kutoa ndio mambo yawe laini. Maombi aliyotaka ni kwamba Mungu amfungulie mlango aipate hiyo pesa.

Usicheke, ndugu yangu. Mimi sikucheka. Nilinyamaza kwa sababu nilijiona mwenyewe.

Leo nitasema jambo ambalo wengi wenu hamlijui. Nilipomaliza chuo na digrii yangu ya biashara, niliona kazi iliyotaka mtu mwenye leseni. Nikajiandikisha shule ya udereva. Siku mbili kabla ya mtihani, mtu wa pale akatuita pembeni, akasema kila mmoja alete shilingi 3,000. Nilikuwa nimeokoka, tena naimba kwaya. Lakini pia nilikuwa nimesoma biashara, kwa hivyo nikapiga hesabu. Nikianguka nitalipa tena, nitangoja tena, na kazi itaenda. 3,000 ni bei rahisi. Nikatoa.

Mpaka leo sijui ile pesa ilifika kwa nani. Najua tu kwamba nilisukuma kigari kwa ule ubao wa mji mdogo, nikaulizwa alama chache, nikaendesha kidogo, nikaambiwa shuka. Nimepita mara ya kwanza! Jumapili nikasimama hapa hapa nikatoa ushuhuda, na nyinyi mkapiga vigelegele.

Miezi kadhaa baadaye, saa nane usiku, mama yangu alibanwa na pumu. Jirani, ambaye mguu wake ulikuwa umefungwa plasta, akanipa ufunguo wa gari lake. "Si wewe uko na leseni?" Gari lilikuwa limeangalia ukuta. Ilibidi nirudi nyuma, nipite geti nyembamba, halafu nipande mlima. Nikaliwasha, likazima. Nikaliwasha tena, nikaachilia klachi kwa haraka, likaruka likagonga tangi la maji. Mama yuko kiti cha nyuma, namsikia anavyotafuta pumzi. Leseni iko mfukoni, nami siwezi kumtoa mama yangu kwa geti.

Tulipata teksi baada ya karibu saa nzima. Mungu alituhurumia, mama yuko hai na leo ameketi nasi. Lakini ile saa moja sijaisahau. Katika ile hesabu yangu ya 3,000, hiyo saa sikuwa nimeiandika. Yesu alisema juu ya mtu anayejenga mnara kwamba huketi kwanza ahesabu gharama (Luka 14:28). Mimi nilihesabu gharama ya kuanguka. Gharama ya kupita bila kujua sikuihesabu.

Sasa tuwaangalie wale wanawali kumi. Wote walikuwa na taa, na wote walisinzia. Kwa macho huwezi kuwatofautisha. Tofauti ilitokea usiku wa manane. Watu wengine huwaona wale watano wenye busara kama wachoyo. La, hapana! Kuna vitu vinaazimwa: sufuria, viti vya harusi, hata gari. Lakini kuna vitu haviazimwi. Siwezi kukuazima mazoezi yangu. Siwezi kukuazima maombi niliyoomba mwaka mzima ili uyatumie dakika tano. Taa ya wale watano ilikuwa taa ya kweli, kama leseni yangu ilivyokuwa leseni ya kweli. Ndani ndimo hamkuwa na kitu.

Muangalie Daudi pia. Kabla ya Goliathi kulikuwa na simba na dubu, huko malishoni, mahali hakuna mtu wa kupiga makofi. Sauli alipomvika silaha zake, Daudi alizivua kwa sababu hakuwa amezizoea. Mpendwa, leseni ya kununua ni silaha ya Sauli. Inang'aa, lakini huwezi kutembea nayo.

Na rushwa je? Kutoka 23:8 inatuonya kwamba rushwa hupofusha anayeona. Tumezoea kuhubiri kwamba inampofusha anayepokea. Mimi nakwambia hata aliyetoa ilimpofusha. Sikuona kwamba sijui kuendesha gari. Nilikuwa kipofu, na bado nikamshukuru Mungu kwa kipaza sauti.

Basi yule kijana nilimwambia nini? Nilimwambia, "Uko na siku tisa. Maliza masomo uliyolipia. Usimuombe mwalimu akupeleke mahali unapajua, muombe akupeleke mahali unaogopa: kuanza kwa mlima, kurudi nyuma, kugeuza gari kwa barabara nyembamba, raundabauti. Nyumbani chora barabara kwa karatasi, chukua kiberiti kiwe gari, ujieleze kwa sauti: nakaa kushoto, naangalia kulia, nawapa nafasi walio tayari kwa mzunguko. Alama zisome mpaka mtoto akikuamsha usiku unazitaja. Ya pembe tatu inakuonya. Ya duara mara nyingi inakuamuru au inakukataza. Mjini mwisho ni kilomita 50 kwa saa. Siku yenyewe lala mapema, beba kitambulisho na karatasi zako. Ukiingia garini rekebisha kiti, rekebisha vioo, funga mshipi, hakikisha gia iko huru, ndipo uwashe. Gari likizima, usilie. Vuta breki ya mkono, rudisha gia, washa tena."

"Halafu tutaomba," nikamwambia. Maombi si mbadala wa mazoezi. Yesu alisema Roho Mtakatifu atawakumbusha wanafunzi yale aliyokuwa amewaambia (Yohana 14:26). Mtu hakumbushwi asichowahi kusikia.

Ndipo akaniuliza swali gumu. "Pastor, na wakiniangusha makusudi kwa sababu sijatoa?"

Wapendwa, sikumdanganya. Inawezekana. Wale vijana watatu wa Danieli 3 walijua kwamba Mungu anaweza kuwaokoa, lakini walisema hata asipowaokoa hawatainama. Hiyo "hata kama" ndiyo imani. Nikamwambia, "Ukianguka, anguka ukiwa msafi, halafu uje kwangu." Nimezungumza na viongozi wa vijana, na tumekubaliana: kijana yeyote wa kanisa hili akikataa kutoa rushwa na akaanguka, ada ya kurudia mtihani tutamchangia. Mimi nitakuwa wa kwanza kutoa, na nitaanza na 3,000. Mnajua kwa nini.

Mimi mwenyewe baada ya ule usiku nilienda kwa mchungaji kiongozi nikakiri. Kisha nikatafuta shule nyingine, nikalipa ada yote, nikaanza na klachi kama mtu ambaye hajawahi kuona gari. Mwalimu akauliza, "Na si uko na leseni?" Nikamwambia, "Niko nayo. Sasa nataka kuwa dereva." Jambo moja lilibaki bila kutengenezwa, ule ushuhuda. Leo naufuta mbele yenu. Mungu hakunipitisha mtihani ule. Nilijipitisha.

Na wewe ambaye hata hutaki leseni, usifikiri somo hili si lako. Kuna mtu hapa ana kadi ya ushirika, ana cheti cha ubatizo, ana kiti chake anachojulikana nacho, lakini Biblia aliifungua mara ya mwisho hapa kanisani. Mpendwa, saa nane za usiku zinakuja. Mume ataugua, kazi itaisha, mtoto atapotea njia. Saa hiyo hakuna atakayekuomba kadi. Jaza chombo chako sasa, duka likiwa wazi.

Wiki hii: Andika mahali pamoja ambapo una karatasi lakini huna kitu chenyewe. Mwambie mtu mmoja unayemwamini. Kisha anza mazoezi.

Tuombe: Baba, tusamehe pale tuliponunua ulichotaka tujifunze. Tupe subira ya malishoni, na ujasiri wa kuanguka tukiwa wasafi. Na yule kijana wako siku ya Alhamisi, itulize mikono yake. Katika jina la Yesu, Amina.