Mgonjwa Hana Chupa ya Pili

Eldoret ni mji unaojua habari za kupimwa mkojo kuliko miji mingi. Wakimbiaji wanaoishi hapa, na wenzao wa Iten, hubishiwa mlango hata alfajiri, kisha hukojoa huku ofisa wa jinsia yao akitazama. Tangu sheria ya 2016, kazi hiyo iko chini ya shirika la kukabiliana na dawa za kusisimua misuli, ADAK. Siku hizi jina la mkimbiaji likitajwa kwa ubaya, hata vijana wa boda boda pale Huruma wanabishana kuhusu sampuli A na sampuli B kama mawakili.

Lakini kuna mtu mwingine anayeweza kuambiwa akojoe kwenye kikombe, na hajawahi kukimbia hata mbio za shule. Ni mgonjwa wa maumivu yasiyoisha: mwenye selimundu, mwenye saratani, mwenye mgongo ulioharibika. Mwaka 2016 CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, iliwashauri madaktari wapime mkojo kabla ya kumwanzishia mgonjwa dawa kali za jamii ya mofini, na baadaye angalau mara moja kwa mwaka. Lengo lilikuwa kujua kama anameza alichoandikiwa, na kama anameza kingine ambacho hakuandikiwa. Mwaka 2022 ushauri huo ulilegezwa, na madaktari wakaambiwa wasitumie matokeo kumwadhibu mgonjwa wala kumfukuza.

Je, ni haki kumpima mtu aliyekuja kusema anaumwa?

Jibu la haraka ni kwamba hiyo ni dharau. Nimekuambia mgongo unaniua, nawe unanipa kikombe? Lakini tusidanganyane. Dawa hizi zikikutana na chang'aa au diazepamu mwilini, pumzi inaweza kupungua hadi isimame. Vidonge vya baba vinaweza kuishia mfukoni mwa kijana wake, au viuzwe kulipa kodi ya nyumba. Daktari anayeandika dawa bila kuuliza chochote si lazima awe na huruma. Huenda amechoka tu, na foleni ni ndefu.

Kwa hivyo sina ugomvi na kupima. Ugomvi wangu ni na swali tunaloulizia mkojo. Mkojo unaweza kujibu kama kuna alama ya dawa fulani iliyopita mwilini siku chache zilizopita. Sisi tunautaka utuambie kama mtu huyu ni mkweli. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Kodeini, kwa mfano, ikifika mwilini sehemu yake hugeuka kuwa mofini. Aliyeandikiwa kodeini na akaimeza vizuri anaweza kuonekana ametumia mofini ya magendo. Tramadoli nayo kwa kawaida haionekani kabisa kwenye vijikaratasi vya bei nafuu vinavyotafuta mofini. Anayeimeza kila siku kama alivyoagizwa ataonekana hajaigusa. Na hakuna kijikaratasi kinachosema alimeza ngapi, wala kwa nini.

Sasa tuseme kuna fundi wa mjengo anayeishi Huruma, aliyeanguka kutoka ghorofa ya pili na mgongo ukakataa kupona. Anapewa vidonge vya mofini vya mwezi mmoja. Mwezi unakuwa mrefu, vibarua hakuna, na anajua nauli na pesa za dawa hazitapatikana kwa wakati. Anaanza kuvinyoosha: kimoja badala ya viwili, siku nyingine hakuna. Siku nne za mwisho hana kitu. Akifika kliniki mkojo wake ni safi, kwa sababu mofini huisha mkojoni kwa siku mbili tatu. Aliyeuza vidonge vyote sokoni naye mkojo wake ni safi. Kikombe hakiwezi kuwatofautisha mwizi na maskini.

Hapo ndipo mkimbiaji anapotuonyesha kitu. Mkojo wake hugawanywa chupa mbili. Akipinga matokeo ya kwanza, ana haki ya chupa B kufunguliwa yeye au mwakilishi wake akiwa pale. Kuna jopo la kusikiliza rufaa. Tramadoli ilipopigwa marufuku mashindanoni tarehe 1 Januari 2024, hata hapo aliachiwa njia ya kuomba ruhusa kwa sababu za matibabu. Sheria hizo ni kali, lakini ziliandikwa na watu waliokubali kwamba kipimo kinaweza kukosea, na kwamba kosa lisibebwe na mpimwaji peke yake.

Fundi wetu ana kikombe kimoja, mtu mmoja wa kukisoma, na dakika tano. Kipimo kikikosea, anayelipa ni yeye, na halipi kwa medali. Analipa kwa usiku wa maumivu, na jina la mraibu kwenye faili lake. Ati alikubali kupimwa? Kama kukataa maana yake ni kurudi nyumbani bila dawa, hiyo ni hiari gani?

Tena hatutapimwa sawa. Utafiti uliofanywa Marekani kwa wanajeshi wastaafu ulionyesha kwamba weusi walipimwa zaidi kuliko weupe. Hapa kwetu nadhani haitakuwa rangi, itakuwa mtaa. Anayetoka Elgon View ataulizwa hali, na anayetoka Huruma atapewa kikombe.

Na tusisahau tulipoanzia. Mwaka 2010 Human Rights Watch ilitoa ripoti nzima kuhusu watoto wa Kenya wanaoteseka kwa kukosa dawa za maumivu. Jirani zetu Uganda, tangu 2004, wanawaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalum kuandika mofini, na wahudumu wa Hospice Africa Uganda huwafuata wagonjwa hadi nyumbani. Kumwamini mgonjwa si kufumba macho. Anayekutembelea anaona chupa ya dawa, na anaona pia sufuria tupu.

Basi wapime, ila wapime wote. Waeleze sababu kabla ya kikombe kutolewa. Waulize kwanza: nikipima leo nitakuta nini? Fundi angejibu swali hilo kwa ukweli kama angejua jibu lake halitamnyima dawa. Na matokeo yakitatiza, maabara ithibitishe kabla mtu hajakatiwa chochote. Mtasema hiyo ni ghali. Ni kweli. Lakini hospitali isiyoweza kulipia kipimo cha pili haina haki ya kumwadhibu mtu kwa kipimo cha kwanza.