Kidole cha Shangazi

Kampuni za kubeti zinatujua kuliko tunavyodhani. Mtu wa Muleba au Bukoba mjini akifungua akaunti anaandika namba ya simu, anaweka hela kwa M-Pesa au Airtel Money, basi. Lakini nyuma ya namba hiyo kuna laini iliyosajiliwa kwa alama ya kidole, na nyuma ya kidole kuna namba ya NIDA yenye jina na tarehe ya kuzaliwa. Tangu laini zisizosajiliwa hivyo zianze kuzimwa Januari 2020, mchezaji asiye na jina hatakiwi kuwepo.

Hiyo ni kwa mujibu wa mfumo. Shangazi yangu wa Kamachumu ana laini mbili kwa jina lake. Moja anaitumia. Ya pili alimwekea kidole mwanawe, aliyekuwa shule ya msingi na hana namba ya NIDA. Sasa kijana yuko kidato cha tatu. Sheria inakataza aliye chini ya miaka 18 kucheza, na kwenye kumbukumbu hakuna aliyeivunja: anayesuka mkeka kila Jumamosi, Arsenal kushinda, Simba kushinda ugenini, ni mama wa makamo anayeuza ndizi. Mkeka ukitiki, kodi inakatwa kwa jina lake.

Wapo watakaosema dawa ni uhakiki mkali zaidi. Labda kwa watoto. Ila uhakiki huuliza swali moja tu, ni wewe? Ukijibu ndiyo, mlango unafunguka, hata kama hela uliyoshika ni ya ada.

Kwetu siri ya hela haikuwahi kudumu. Aliyecheza karata nyuma ya kilabu cha rubisi alionekana na walevi wote. Hata butura, mkulima kuuza kahawa ikiwa bado maua kwa bei ya kutupa, hufanywa gizani, lakini msimu ukifika mgeni anaingia shambani kuvuna na jirani anaelewa. Simu haina msimu. Mtu anaweza kumaliza shamba zima akiwa amelala kitandani pembeni ya mkewe.

Namfahamu mwalimu mmoja Bukoba aliyeacha kwenda kibanda cha kubeti karibu na stendi kwa sababu wanafunzi walimwona. Sasa anacheza kwa simu, na ninamtetea: mshahara ni wake, na mji mdogo una macho mengi mno. Sitaki kampuni impigie mkewe. Ninachokataa ni kuiita hali hiyo faragha. Anayejua hasa kiasi alichopoteza mwaka huu, kwa tarehe na saa, ni yule aliyezipokea hizo hela. Waliofichwa ni wale ambao wangemshika mkono.

Likizo iliyopita nilimbonyezea shangazi *106#, zikaja laini zake. Akaitazama ile ya pili, akasema, "Hiyo ya mtoto," akarudi kumenya ndizi. Mimi nilikuwa nimeshauona mkeka kwenye simu ya binamu. Nikamfuata nje, nikampa hadi shule zifunguliwe amwambie mama yake mwenyewe, la sivyo nitasema mimi.

"Kwani nimecheza mimi?" akaniuliza. "Si laini ya mama?"