Mkao na Pumzi

Picha za yoga tunazoziona kwenye simu huonyesha mwili uliokunjwa kama ukili, na mtazamaji hudhani utulivu ni fungu la wenye viungo laini. Mabingwa wa kale hawakufundisha hivyo. Katika Yoga Sutra ya Patanjali, yenye sutra (vifungu vifupi vya mafundisho) zisizofika 200, tatu tu ndizo zinazouhusu mkao, nazo zinataka uwe imara na wa starehe. Svatmarama, aliyeandika Hatha Yoga Pradipika katika karne ya 15, alieleza mikao michache kisha akageukia pumzi, kwa kuwa aliamini pumzi ikitikisika akili nayo hutikisika. Kwa hiyo nasema: hatha yoga, yaani yoga ya mikao na pumzi, humtuliza mtu pale anapoifanya kwa uangalifu. Bila uangalifu ni mazoezi ya viungo, mema kwa afya, lakini yanaishia hapo.

Mtazame mtu aliyeketi mkekani, miguu kainyoosha mbele, anainama kushika vidole vyake. Misuli ya nyuma ya mapaja inavuta, taya zimekazana, pumzi kaibana bila kujua. Akijilazimisha, anaufanyia mwili wake ubabe uleule unaomchosha kutwa nzima. Lakini akiihisi taya, akailegeza, akashusha pumzi taratibu na kuridhika mikono ikiishia magotini, amejifunza kukaa na jambo gumu bila kupigana nalo wala kulikimbia. Mwili nao unamsaidia: moyo huongeza mwendo kidogo tunapovuta pumzi na kuupunguza tunapoitoa. Tena pumzi ni miongoni mwa kazi chache za mwili zinazojiendesha zenyewe na bado zikatutii. Kiswahili kilishauona uhusiano wa pumzi na utulivu, ndiyo maana pumzi na kupumzika ni maneno ya ukoo mmoja.

Wapo wanaopinga kwa ajili ya imani, na hoja yao ina uzito. Mwaka 1989 Vatikani iliwaonya Wakristo wasidhani raha inayoletwa na mazoezi ya mwili ndiyo faraja ya Roho Mtakatifu. Mwaka 2008 Baraza la Fatwa la Malaysia liliwakataza Waislamu yoga. Si uungwana kuwajibu kwamba yoga haina dini, maana Pradipika yenyewe inaanza kwa kumsujudia mungu Shiva wa Wahindu. Ambaye dhamiri yake inamkataza, aache kwa amani. Hata hivyo, kuinama, kunyooka na kuisikiliza pumzi si mali ya dini moja, na anayefanya hayo bila mantra wala ibada hajabadili kibla chake. Onyo la Vatikani nalikubali: utulivu wa mwili si wokovu. Ni ardhi iliyolimwa tu. Mbegu kila mtu atapanda ya imani yake.

Wengine husema utulivu huu ni kujisahaulisha, kwani kodi ya nyumba hailipwi kwa kuvuta pumzi. Kweli, hailipwi. Lakini utulivu si ganzi. Mwenye ganzi hahisi, na mtulivu anahisi vizuri zaidi. Kipimo chake hakiko mkekani. Kiko jioni, mdeni anapopigiwa kelele mlangoni na mwenye nyumba: taya inaanza kukazana, naye anaitambua, kwa sababu ameshaizoea. Anashusha pumzi moja, ndipo anajibu. Deni liko palepale, ila jibu lake halikutoka kwenye hasira.